Risasi Peku

Mlango nauacha wazi ili moshi utoke,
lakini si wazi sana, theluji isiingie.
Tone la maji likizama chunguni, risasi hutema,
na kovu la shavuni mwa baba
lilikuwa na umbo la tone hilo.

Novemba, Idaho, bonde lenye mgodi uliofungwa.
Arvo Tikkanen alichimba risasi mchana
miaka thelathini na mmoja,
na usiku akaisubu katika banda hili,
kana kwamba haikumtosha
ile aliyoivuta kwa pua.

Kopo la kwanza ni vyuma vya kusawazisha magurudumu,
nilivyopewa na Delbert wa gereji
kwa mikate miwili ya hiliki.
La pili nimelichimbua mwenyewe
kwenye tuta la udongo nyuma ya nyumba:
zimebonyea, zimechanua kama uyoga,
zote alizifyatua yeye.
Nimezikausha jikoni siku mbili.
Sasa zinalegea, zinalala, zinaungana.
Natupia kipande cha nta, moto unaruka,
nakoroga kwa kijiti cha msonobari,
na mavi yake yanapanda, meusi,
nayaengua kama povu la maharage.

Risasi iliyokuwa risasi
inarudi kuwa risasi.

Za kwanza hutoka na makunyanzi,
vidole vya mtu aliyeshinda akifua,
kwa sababu kalibu bado ina baridi.
Zirudi chunguni.
Kalibu ikizidi joto hutoka na ukungu;
hizo baba alizipenda, hakusema kwa nini.
Nakata mkia kwa pigo la mpini wa nyundo,
nageuza kitako kwenye taa.
Pua ikichubuka, si neno, alisema,
pua ni ya kutazamwa.
Kitako kikimegeka, moto utapenya ubavuni
na risasi itakwenda inakotaka yenyewe.

Kaka yangu Reino ana zake za dukani,
zenye kiatu cha shaba kisiginoni,
kelele na kasi.
Mwaka juzi alichukua zangu
akazipa baruti kwa kipimo cha zake.
Shabaha ikawa karatasi iliyodonolewa na kuku,
na mtutu ukavaa risasi ndani
kama sufuria iliyounguza uji.
Alikaa na brashi hadi saa nne usiku
akiilaumu bastola, akililaumu jicho,
akimlaumu marehemu.
Mimi nilikuwa nakunywa kahawa.
Mwenda peku hakimbizwi juu ya mawe, Reino.
Sikumwambia. Alikuwa ameshajua.

Usiku huu napakia hamsini.
Mdomo wa ganda naupanua kidogo,
kama wa mtu aliyetaka kusema akaghairi,
usije ukainyoa risasi ikiingia.
Baruti ni chache, hata nusu ya ganda haifiki,
na hapo ndipo penye hatari:
palipoenea kidogo huenea mara mbili.
Kila ganda nalimulika kwa tochi
kabla ya kuliziba.

Barua ya hospitali bado imebandikwa ukutani:
damu yake, na tarakimu iliyopigiwa mstari.
Kwa hiyo naosha mikono mara tatu,
kucha kwa brashi,
na mkate siuleti bandani.
Yeye aliulia hapa, juu ya meza hii,
kwa vidole vya kijivu,
akiisifu hiliki.

Arobaini na tisa. Nahesabu tena.
Moja iko kwenye kitambaa,
kitako kizima, haina ganda.
Inanitosha kesho.

Jumamosi, theluji ikiniruhusu,
nitazirudisha kwenye tuta lake
polepole, moja moja,
na barafu ikiyeyuka
nitakwenda na ndoo.